Jumamosi ya Baridi, Makande Jikoni na Barua ya Dodoma

Wale wa Dar najua mtaniambia na kwenu kipupwe kimeingia. Sikatai. Ila kipupwe cha Dar ni cha kuzima feni, cha huku Arusha ni cha kulala na soksi. Mimi ni mtoto wa Tanga niliyefuata mapenzi mpaka chini ya Mlima Meru, na miaka tisa sasa nimekaa hapa, lakini kila ikifika Julai mwili wangu bado unauliza tumekuja kufanya nini huku.

Kwa wasioijua hali yetu, mji wenyewe uko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unatuletea hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hewa hiyo ikigonga mlima inapanda, inapoa, inageuka wingu, halafu wingu linatukalia kichwani siku tatu mfululizo. Alfajiri nyuzi 12 au 13 ni kawaida, na huko juu kwenye migomba baridi inazidi. Mgeni anaweza kukaa wiki nzima, akazunguka Mnara wa Saa mpaka akauzoea, akaondoka bila kuuona mlima hata siku moja. Na mlima upo pale pale, na urefu wake wa mita zaidi ya 4,500, umejifunika shuka kama sisi tu.

Sasa, katika meseji mnazonitumia kuna swali moja halipungui: mume akihamishwa kikazi, mke afanyeje? Nimekuwa nikilikwepa, kwa sababu majibu yake mengi ni ya kwenye semina. Mwezi huu silikwepi tena, limeingia nyumbani kwangu. Kwa hiyo nitawaandikia siku moja tu, Jumamosi ya kawaida kabisa, ya foleni, soko na sufuria. Hakuna aliyenuna na hakuna sahani iliyovunjika. Ila kulikuwa na barua juu ya meza.

Barua ilikuja Alhamisi. Mume wangu amepandishwa cheo, kituo kipya Dodoma, jibu linatakiwa Jumatatu asubuhi. Wenye kumbukumbu wanajua uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, ukasinzia zaidi ya miaka arobaini, mpaka mwaka 2016 serikali iliposema sasa tunahama kweli. Ilipohama ikavuta na ofisi nyingine nyingi, na kila ofisi ikavuta watu, na kila mtu ana mke au mume au mchumba ambaye hakuulizwa. Mimi ni mmoja wao sasa.

Alhamisi usiku hatukuzungumza. Ijumaa usiku hatukuzungumza vilevile, ila tuliloweka mahindi na maharage. Niwaambie kitu kimoja kuhusu makande, ambayo sisi watu wa pwani tunayaita pure: huku juu hayana haraka. Kwa mwinuko huu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo harage ambalo Tanga lingeiva ukiwa bado unakuna nazi, hapa linakutazama tu. Wengine wanatia magadi kidogo, wengine wana ile sufuria ya presha. Sisi tunaloweka usiku kucha na kumwachia mtu mmoja zamu ya kulinda jiko. Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya mume wangu.

Najua hapo kuna msomaji ameshtuka. Mwanaume wa Kimeru analinda sufuria? Ndiyo bwana. Jirani yetu mmoja kila akimwona na mwiko humsalimia kwa sauti ya mtu aliyefika msibani. Mume wangu humjibu, "Karibu saa mbili usiku, uje na bakuli." Siku zote anakuja, na bakuli analileta.

Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa yenye tangawizi ya kuunguza koo, na viazi vitamu vya kuchemsha. Mtoto, ambaye ana miaka sita, alikataa kutoka kwenye blanketi, akanywea uji wake wa ulezi humo humo, kichwa tu ndicho kinaonekana, kama kobe. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kamba ya nguo. Nguo nilizofua Jumatano zilikuwa bado mbichi. Julai huku nguo hazikauki, zinapoa tu.

Nikachukua kikapu na karatasi yangu ya shughuli: sweta la shule la mtoto, kiatu cha mume kwa fundi, dawa za magoti za mama mkwe, mboga, ndizi. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko wa mume wangu, alikuwa ameongeza neno moja: "Mama." Hakuandika mama afanyweje. Mimi nilielewa kwamba natumwa kupeleka habari ambayo yeye mwenyewe koo lake limeshindwa kuitoa.

Fundi viatu wa pale Kijenge alinicheka kuhusu soli. Alisema, "Dada, hiki kiatu kimetembea, mwambie shemeji apande bajaji." Sweta nilikosa dukani, saizi zote za watoto zilikuwa zimeisha, nikapata la mtumba kule Kilombero, rangi ile ile, sufu nzito ambayo sijui ni mtoto wa nchi gani alilivaa kabla ya wangu. Kwa baridi hii mtumba wa sufu unalishinda sweta jipya la dukani mara tatu, na hilo nalisema bila aibu. Hapo nikapanda kifodi cha Tengeru. Vifodi ndiyo daladala kwa lugha ya huku, na siku ya baridi vina faida yake: mkikaa wanne kwenye kiti cha watatu mnapashana joto.

Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, kwa hiyo nilishuka kwenye matope na kelele. Wauzaji walikuwa wamejifunga khanga juu ya koti juu ya kitenge. Karoti, njegere, maparachichi, mchicha, mnafu, ndizi za kupika mikungu kwa mikungu. Nilipimiwa sado moja ya viazi (sado ni ule ndoo mdogo wa rangi ambao huku ndio mizani yetu) na mama mmoja akanitilia vitatu vya nyongeza, akasema, "Una uso wa baridi, mwanangu, kapike mtori." Si uso wa baridi ule, nikataka kumwambia. Ni uso wa barua.

Sasa niwape upande wangu, maana hadithi za namna hii mara nyingi zinasimuliwa kana kwamba anayehama ndiye pekee mwenye kazi. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya utalii. Juni mpaka Oktoba ndio msimu wetu mkubwa, wageni wanatua kwenda Serengeti, Ngorongoro na Tarangire, na ofisini hata chakula cha mchana tunakula tumesimama. Kazi yangu iko hapa kwa sababu wanyama wako huku. Dodoma kuna zabibu na wizara, siyo watalii wa kunilipa mshahara. Nilihama mara moja kwa ajili ya huyu bwana, nikaanza upya, nikajifunza kunywa mtori na kusalimia kwa Kimeru. Sikujuta. Lakini kuhama mara ya pili, na safari hii nikaiache kazi niliyoijenga mwenyewe, hapana. Ule usemi wa kwamba mume akihama mke afunge virago mimi siukubali, na nawaomba akina mama wa vikao vya kumfunda bibi harusi waanze kuupunguza makali.

Ila na yeye simlaumu. Mji wetu huu wenyewe umejaa watu walioacha wenzao kwingine. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa. Mahakama ya Rwanda ilikaa hapa miaka ishirini mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, na majaji, mawakili na wakalimani wake walikuwa na ndoa mahali fulani duniani. Wenye kusema ndoa ya mbali ni kitu cha juzi hawajawahi kumuuliza bibi wa mtu yeyote aliyekwenda kukata mkonge Tanga.

Mama mkwe anakaa upande wa Nkoaranga, juu kidogo ya barabara kuu, nyumba iko katikati ya migomba na kahawa. Nilimkuta ameingiza jiko la mkaa sebuleni, madirisha yote kafunga, shuka limezibwa chini ya mlango, anasema kichwa kinamuuma tangu asubuhi. Nilifungua mlango na madirisha kabla hata sijashika mkono wake kumsalimia. Nikatoa jiko nje, yeye analalamika baridi inaingia, mimi namjibu "shikamoo mama" huku nakimbia na jiko.

Hapa naomba nisimame kidogo. Kila msimu wa baridi tunazika watu kwa jambo hili, na wengi ni vijana, wapenzi wawili kwenye chumba kimoja cha kupanga. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na moshi usipouona usidhani haipo, mkaa uliokolea mwekundu kabisa unaitoa vilevile. Ikiingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni. Kwanza kichwa kinauma, kinafuata kizunguzungu na kichefuchefu, halafu usingizi, na aliyelala ndiyo kalala. Mkisikia hivyo tokeni nje wote, na mwenye hali mbaya apelekwe hospitali. Kuacha dirisha wazi kidogo si ruhusa ya kulala na jiko. Kama mnataka joto la chumbani jazeni maji ya moto kwenye chupa, izungushieni taulo, iwekeni miguuni. Au kumbatianeni, jarida hili halijawahi kuwakataza.

Mama alipata nafuu baada ya kukaa nje robo saa, akaanza kunisema kuhusu baridi, nikajua amepona. Nikampa dawa za magoti. Tukamenya ndizi pamoja, tukaweka na nyama ya mifupa, na zilipolainika akachukua mwiko akaziponda mwenyewe, maana mtori niliouponda mimi anasema una mabonge ya kipwani. Tulipokuwa tunakula ndipo nikamwambia.

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Nilijiandaa. Ukioa au kuolewa Umeruni ujue unaingia kwa watu wasioachia hoja kirahisi: mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwaondoa kwa nguvu Ngarenanyuki ili kupisha walowezi, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa kule New York kwenda kudai ardhi yao. Kwa hiyo sikutegemea mama atikise kichwa na kusema "haya."

Alipozungumza hakuuliza habari za ndoa yetu hata kidogo. Aliuliza, "Kahawa atachuma nani?"

Kwa kweli swali hilo mimi sikuwa nalo kabisa. Kahawa ya Meru inaanza kuiva wakati huu huu, na mume wangu ndiye mtoto wa mwisho, ndiye aliyebaki karibu. Yeye ndiye anayekuja kila Jumamosi ya pili kuangalia matawi, kutafuta vibarua, kufuatilia malipo kule chama cha msingi. Kwangu mimi Dodoma ilikuwa suala la mume, mke na mtoto. Kwa mama ilikuwa suala la shamba, na mwanaume ambaye angemwamini na pesa za mavuno. Nikamwambia, "Mama, sijui bado." Akasema, "Basi mkijua mniambie. Ila msinidanganye kwamba atakuwa anakuja kila wiki. Wakubwa zake walisema hivyo hivyo." Wakubwa zake wawili, mmoja yuko Mwanza na mwingine Dar, wanakuja Krismasi.

Nilirudi mjini saa kumi na moja, mvua ya manyunyu inaanza, ile isiyolowesha mara moja lakini mwisho wa siku mpaka mfupa unajua. Nyumba ilinukia vitunguu. Makande yalikuwa yameiva sawasawa, harage zima halijapasuka, na mtoto alikuwa amelala kwenye kochi na mwiko mkononi kwa sababu aliambiwa yeye ni msaidizi wa zamu.

Tulikula. Mimi natia nazi, yeye anataka maziwa, kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa tunagawa sufuria mbili mwishoni. Jirani alikuja na bakuli lake, tukamjazia, akaondoka. Mtoto tukamhamishia kitandani. Halafu mume wangu akachukua bahasha ya ile barua, akaigeuza nyuma, akatafuta kalamu.

Tuliandika hesabu. Nawashauri wote mfanye hivi, na mfanye mkiwa mmeshiba. Nyongeza ya mshahara upande mmoja. Upande wa pili kodi ya chumba Dodoma, chakula cha mtu mmoja ambaye hatakula makande ya nyumbani, umeme, nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa mwezi, na mshahara wa kijana wa kusimamia shamba la mama. Barabara ya Babati, Kondoa mpaka Dodoma imekuwa ya lami tangu 2018, tunashukuru, zamani wengi walikuwa wanazunguka kwa Singida au kwa Chalinze. Lakini kilomita mia nne na ushee ni mia nne na ushee, ukiondoka Ijumaa jioni baada ya kazi unafika usiku wa manane, na Jumapili mchana unaanza kuangalia saa.

Tulipojumlisha, ile nyongeza ilibaki kiasi ambacho siwezi kukiandika hapa bila kucheka. Kilo chache za nyama. Nikamtazama, nikasema, "Baba, hii haina faida." Nilidhani mambo yameisha, na ndani yangu, nisiwafiche, kitu kilianza kupumua.

Akasema, "Hela naona. Lakini hii ndiyo kazi niliyoisomea." Akanieleza. Miaka minane amekuwa akifanya kazi ya kupitisha makaratasi ya watu wengine. Hii ya Dodoma ndiyo ile ambayo karatasi zinaanzia kwake. Alikuwa anaongea polepole, anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko, hanitazami. Nimelala pembeni ya mtu huyu miaka tisa na sikuwahi kumsikia akizungumzia kazi yake kwa sauti ile. Ni sauti niliyoisikia mara ya mwisho alipokuwa ananieleza Tanga, kwenye benchi pale Raskazone, kwa nini nimkubali.

Kuna mwanamke ambaye angesema hapo hapo "nenda mume wangu" na machozi mawili. Mimi niliweka maji ya chai. Chai ilipoiva nikasema masharti yangu, moja baada ya jingine, na mengine akayapunguza, na mengine akayaongeza mwenyewe. Mimi sihami wala siachi kazi, na suala hilo halifunguliwi tena kila Krismasi. Tunajaribu mwaka mmoja, Julai ijayo tunakaa na bahasha nyingine. Wikiendi mbili kwa mwezi anarudi, na mojawapo asubuhi yake ni ya mama na kahawa, kabla yangu. Simu ya jioni anapiga kwa mtoto saa moja na nusu, siyo saa nne mtoto ameshalala halafu aseme alipiga. Na habari ya Dodoma anampelekea mama yake yeye mwenyewe, kwa mguu wake, mimi karatasi yangu ya shughuli imejaa.

Hilo la mwisho ndilo lililomchukua muda. Lakini Jumapili baada ya ibada alipanda, akarudi jioni na mkungu wa ndizi na macho mekundu. Sikuuliza.

Kuna mashoga zangu ofisini wameshaanza: "Dodoma! Mwenzetu utaweza? Na warembo wa vyuo wale?" Nimewajibu kwamba warembo wapo hata Njiro, na mume mwenye nia hahitaji barua ya uhamisho. Wasiwasi wangu haupo huko. Upo kwenye alfajiri za Julai, saa kumi na mbili kasoro, mtoto hataki kuamka, ukungu uko mlangoni, na mtu wa kuchemsha uji na mtu wa kutafuta soksi ni yule yule mmoja. Nimemwomba bosi niingie nusu saa baadaye msimu ukipungua. Amesema atafikiria. Nimemwambia nitamkumbusha.

Jumatatu jibu lilipelekwa. Anaondoka tarehe moja mwezi ujao. Sweta lake zito nimeliweka kwenye begi, maana walioko kule wanasema usiku wa Dodoma msimu huu una upepo wa kukata. Mama mkwe tumemwomba aje akae nasi mjini kipindi hiki, apumzishe magoti na mtoto apate mtu wa kumfungulia mlango akitoka shule. Hajakataa. Amesema kwanza kahawa ichumwe, na kwamba akija anakuja na mwiko wake.